Mawe Juu ya Mchanga

Kandy, 20 Februari 1994

Mjomba Piyatissa,

Nakuinamia kwa heshima. Sisi hatujambo, ila Mama kikohozi chake cha baridi hakijamwacha. Dada Dilhani amepata mchumba. Watu wa upande wa kijana walikuja kutoka Matale kunywa chai, nyota zao zikalinganishwa, zikakubaliana. Harusi labda Oktoba. Mimi nasoma kwa ajili ya mtihani wa Desemba.

Nakuandikia kwa sababu Baba ameagiza tangi la kioo la futi sita, la maji ya bahari. Litakaa studio, nyuma ya kiti cha maharusi, ili wapigwe picha samaki wakipita mgongoni kwao. Huku milimani hakuna studio yenye kitu kama hicho. Baba anasema, "Mwandikie mjomba wako. Yule amekaa chini ya maji zaidi kuliko juu." Anataka kujua mchanga na mawe vinapangwaje. Nimetafuta kitabu maktaba ya shule, nikapata kimoja tu, cha samaki wa mtoni.

Simu iko mezani kwa Baba, lakini wewe unanijua mimi na simu. Nasikia pumzi yangu mwenyewe, maneno yote yanakimbia. Kwenye karatasi yanabaki.

Mpwa wako,
Vindya

*

Negombo, 1 Machi 1994

Vindya binti yangu,

Nimefurahi. Mwambie Mama yako achemshe tangawizi na giligilani, aache kununua dawa za chupa. Mwambie Dilhani huyo kijana wa Matale nitamkagua mwenyewe, meno na yote.

Mimi mzima. Siku hizi sipigi mbizi sana, nakaa ghalani nafunga samaki kwenye mifuko ya kwenda ng'ambo. Ni kazi ya wanawake, lakini kivuli kipo.

Sasa sikiliza, na umsomee Baba yako neno kwa neno. Mawe kwanza. Sakafu ya tangi ikiwa tupu na kavu, tandika kipande cha plastiki ngumu ili kioo kisikwaruzwe. Jiwe kubwa likae juu yake kwa miguu mitatu. Lisukume kwa mkono: likicheza hata kidogo, ligeuze utafute mkao mwingine. Yale madogo yaegemee kubwa, yasiegemee kioo. Hapo ndipo mchanga uingie, uzunguke miguu ya mawe, kina cha vidole viwili. Uoshe kama mchele, mpaka maji yatoke meupe. Maji ya bahari ni ya mwisho.

Usiweke mawe juu ya mchanga. Mchanga una wakazi, na wakazi wanachimba. Jiwe lililosimama juu ya mchanga halijasimama. Nilishaona mwisho wake hapa ghalani, sitaki kuuandika.

Maji nitayaleta kwa mapipa, lori litafika tarehe 13. Mawe hayapendi kukauka, kwa hiyo yatapanda treni ya asubuhi tarehe 14, kwenye magunia mabichi. Hapo kwenu yatafika saa sita na nusu mchana. Msitie maji kabla mawe hayajafika.

Mjomba wako

*

Kandy, 20 Machi 1994

Mjomba,

Nakuinamia kwa heshima. Kikohozi cha Mama kimepungua. Baba anakushukuru sana kwa mawe. Lile kubwa lilibebwa na watu wawili, na Dada amelipa jina la Tembo kwa sababu upande mmoja lina kitu kama mkonga.

Shughuli ya kufungua ilikuwa Jumatatu. Baba alikwenda kwa mnajimu, akapewa saa ya heri ya kumimina maji: saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi, mmiminaji akiangalia kaskazini. Mama alichemsha maziwa kwenye chungu kipya, yakafurika upande wa heri. Tulikula wali wa nazi na ndizi. Majirani wote walikuja, na mtawa kutoka hekaluni, na mwenye duka la viatu aliyesema, "Somapala, sasa umebaki kutuletea nyangumi." Maji yaliingia kwa dakika ileile, hakuna tone lililomwagika. Kila mtu alipiga makofi.

Sasa tangi limeshakuwa safi, mawe yanapendeza, na tayari jozi tatu za maharusi zimepigwa picha. Baba anapiga mluzi akifanya kazi. Sijamsikia akipiga mluzi tangu nikiwa darasa la pili.

Mpwa wako,
Vindya

*

Negombo, 9 Aprili 1994

Vindya,

Heri ya Mwaka wetu Mpya wa Aprili kwenu nyote. Natumaini mmepata vitafunio vya kokisi na sukari guru ya kutosha, na kwamba Baba yako hatashindana tena kupanda nguzo iliyopakwa grisi kwenye michezo ya sikukuu.

Barua yako nimeisoma juujuu, tulikuwa na mzigo wa kwenda uwanja wa ndege, kisha nikaipoteza chini ya godoro. Nimefurahi kuwa mambo yamekwenda vizuri. Zawadi ya mwaka hii hapa, amekuja nayo dereva: mfuko mmoja una kamba wa baharini mwenye mistari myekundu, mwingine una samaki mdogo wa njano. Wawekeni pamoja. Kamba haoni vizuri, yeye ni mchimbaji. Samaki anasimama mlangoni kumlinda. Siku nzima mmoja anatoa mchanga, mwingine anaangalia. Utakaa hapo na kitabu chako usisome hata ukurasa.

Hukuniambia Tembo amekaa juu ya nini. Nakuuliza kwa sababu ya huyu kamba. Amekaa juu ya plastiki, sivyo?

Mjomba wako

*

Kandy, 30 Aprili 1994

Mjomba,

Nakuinamia kwa heshima. Zawadi ilifika salama. Dereva aliifikisha studio wakati kuna wateja, na Baba akaimimina ndani mbele yao, wote wakishangilia. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na mlango.

Kamba ni kama ulivyosema. Ameingia chini ya Tembo, upande wa mbele, na kutwa anasukuma mchanga nje kama mtu anayefagia ua. Samaki amekaa mlangoni. Wateja wanawapenda kuliko samaki wakubwa. Dada anasema kamba ni Baba na samaki ni Mama, mmoja anahangaika, mwingine anachungulia majirani.

Tarehe ya harusi imetoka kwa mnajimu: Alhamisi, 27 Oktoba. Watapigwa picha hapa studio, wakikaa kwenye kile kiti.

Tulikuwa na mtihani wa hisabati. Nilipata themanini na moja.

Vindya

*

Negombo, 16 Mei 1994

Vindya,

Themanini na moja ni nzuri. Sasa weka hisabati yako mezani na mimi niweke yangu.

Nimeitafuta ile barua yako ya Machi, nimeipata. Umeandika maji yaliingia saa nne na dakika kumi na mbili. Mawe nilipandisha mwenyewe treni, na treni ile haijawahi kufika Kandy kabla ya saa sita. Saa nne, ndani ya lile tangi kulikuwa na nini?

Nakuuliza mara ya pili, na hukunijibu mara ya kwanza.

Nilisema sitaki kuandika nilichokiona. Naandika. Hapa ghalani palikuwa na mtu anaitwa Wimal, fundi wa kufunga mifuko, mcheshi, alikuwa akiniita "Kobe". Tangi moja lilipangwa na mtu mwenye haraka, mchanga kwanza, mawe juu. Kamba walichimba miezi saba. Kwa nje huoni kitu, mchanga unabaki umelala vizuri kama kitanda kilichotandikwa, lakini chini ni pango. Wimal alikuwa amekaa chini, mgongo kwenye kioo, anakula chakula cha mchana. Kioo kikivunjika na maji yote yale nyuma yake hakidondoki, kinatoka kama panga. Lori la kumkimbiza hospitali lilikuja baada ya dakika ishirini. Hatukuhitaji lori.

Kama mawe yako juu ya mchanga, mwambie Baba yako leo. Wapunguze maji, watoe mawe, waanze upya. Ni kazi ya asubuhi moja.

Nijibu.

Mjomba wako

*

Kandy, 3 Septemba 1994

Mjomba,

Nakuinamia kwa heshima, na ninaomba radhi kwa miezi mitatu na nusu. Nimekuwa nikikuandikia na kuchana. Mama mzima. Nguo ya harusi ya Dada imeanza kushonwa.

Siku ile saa tatu na nusu mchanga ulikuwa umeshaoshwa na kumwagwa, kwa sababu Baba alitaka maji yasiingie kwenye tangi tupu mbele ya watu. Barua yako ilikuwa mfukoni mwangu. Nilikuwa nimemsomea Baba neno kwa neno wiki mbili kabla, na aliitikia, lakini saa ya heri ilipotoka alisema mawe yatafuata, jiwe ni jiwe. Kulikuwa na watu zaidi ya arobaini. Nilifika mpaka karibu na bega lake. Nilisema "Baba", akageuka, mtawa naye akageuka, mwenye duka la viatu akageuka. Nikasema, "Chai iko tayari."

Mawe yaliwekwa saa saba mchana, juu ya mchanga, ndani ya maji. Mimi ndiye niliyewaonyesha Tembo akae wapi ili apendeze kwenye picha.

Tangu Mei nimebandika ukanda wa karatasi upande wa kioo na kutia alama ya penseli kwenye ncha ya mkonga. Mei hadi Juni alisogea milimita mbili. Julai tatu. Agosti saba. Anainamia mbele, upande wa kiti.

Kamba nimejaribu kumnasa kwa chupa yenye chambo. Samaki ananiona kabla sijafika, anamwonya.

Mjomba, njoo. Baba anakusikiliza wewe. Nikisema mimi, ni mkosi; ukisema wewe, ni utaalamu.

Vindya

*

Negombo, 22 Septemba 1994

Vindya,

Ahsante kwa kuandika ukweli. Sikukasirikii. Kamba ni wangu, nilimtuma bila kusubiri jibu.

Siwezi kuja. Usiniulize.

Milimita saba kwa mwezi si kuinama tena, huko ni kuanguka polepole. Mwambie Baba yako mwenyewe. Kama ulimi unakataa, mpe barua yangu ya Mei aisome. Mtu yeyote asikae kwenye kile kiti.

Mjomba wako

*

Kandy, 12 Oktoba 1994

Mjomba,

Nakuinamia kwa heshima. Nimesema.

Ilikuwa wakati wa chakula cha jioni, wote wapo. Nilisema, "Baba, Tembo ameinama."

Baba akasema, "Ameinama wapi? Anayeinama ni wewe, kwa vitabu, mpaka shingo imepinda."

Dada akasema, "Jamani, bubu amesema! Mama, anua nguo, leo kutanyesha."

Wakacheka. Niliendelea, Mjomba. Nilileta ukanda wa karatasi, nikawaonyesha alama. Nikampa Baba barua yako. Alisoma habari za Wimal mara mbili na hakucheka tena. Lakini Mama aliinyakua akaikunja. "Kifo kinasomwa mezani, wiki mbili kabla ya harusi? Wewe mtoto una nini? Unamwitia dada yako nini?"

Asubuhi Baba alikwenda kwa mnajimu. Nilidhani imekwisha. Alirudi na karatasi. Tangi lilianzwa kwa saa ya heri, kwa hiyo haliwezi kubomolewa kwa saa yoyote tu, tena mwaka wa ndoa ya binti wa nyumba. Saa ya kugusa maji ni tarehe 3 Novemba, saa mbili na dakika hamsini na moja asubuhi. Harusi ni tarehe 27.

"Limesimama miezi saba," Baba amesema. "Litashindwa kusimama wiki tatu?"

Miezi saba, Mjomba. Ni miezi ileile uliyoandika wewe, na ameisoma.

Nilimwomba basi asogeze kiti. Anasema bila tangi nyuma yao hiyo si picha, ni kitambulisho.

Jana nimepima. Kumi na moja, na mwezi haujafika nusu.

Kama huji, niambie kwa nini huji. Hata kwenye harusi huji? Mama amekuwekea shuka mpya.

Vindya

*

Negombo, 18 Oktoba 1994

Vindya,

Uliniambia lako, hili ndilo langu. Mwezi wa kwanza mwaka huu nilipanda juu haraka mno kutoka kina kirefu, nikifukuza samaki mmoja mwenye bei. Tangu siku hiyo miguu yangu imelala na haijaamka. Nakaa ghalani kwa sababu nimewekwa ghalani. Yale mawe sikuyapandisha treni mwenyewe, nilitazama yakipandishwa. Sikutaka dada yangu aje kunililia hapa.

Kwa hiyo hakuna mtu anayekuja. Uko wewe.

Kuna mpira wa kunyonyea maji nyuma ya tangi. Tumbukiza ncha moja ndani, nyonya ncha nyingine, itoe dirishani. Usimwombe mtu ruhusa. Maji yakishuka nusu, kioo hakina nguvu tena ya kumuumiza mtu. Baba yako akiwaka, mpe barua hii. Somapala, shemeji, nimemwamuru mimi. Kama kuna mkosi, nimeuchukua, mimi sina pa kwenda nao.

Fanya kabla ya Alhamisi ya harusi.

Mjomba wako

*

Kandy, 2 Novemba 1994

Mjomba,

Nakuinamia kwa heshima. Usishangae mwandiko, naandika kwa mkono wa kushoto.

Barua yako ya tarehe 18 imefika jana. Mvua iliporomosha udongo juu ya reli, mifuko ya barua ikakaa njiani siku kumi na mbili. Kwa hiyo siku ya Alhamisi sikuwa nimeisoma, na habari ya mpira sikuiwaza. Nimeisoma sasa nikaona jinsi ilivyokuwa rahisi.

Dada mzima. Naanza na hilo.

Walifika studio saa tano kutoka ukumbini. Dada alikaa kwenye kiti, bwana harusi akasimama nyuma yake, mkono begani, kiwiko chake kimegusa kioo. Wazazi wa Matale walikuwa kando. Baba alikuwa kwenye kamera. Mimi nilipewa kushika taa.

Nilikuwa namwangalia yule samaki wa njano. Siku zote anasimama mlangoni. Akatoka, akaogelea mpaka pembe ya mbali, na kamba hakumfuata. Kisha mchanga mbele ya Tembo ukaanza kuteremka wenyewe, bila mtu kuusukuma, kama sukari inavyoteremka kwenye gunia lililotoboka.

Nilisema, "Dada, ondoka." Hakuna aliyesikia. Nikasema tena.

Baba akasema, "Vindya, usitikise taa."

Nikaitupa taa. Sijawahi kupiga kelele, Mjomba, sikujua sauti yangu ikoje. Ni mbaya. Nilimvuta Dada kwa mkono, akasema, "Nguo yangu, mjinga wewe!" na bwana harusi akamfuata kunizuia, na hivyo ndivyo wote wawili walivyotoka pale. Tembo aligonga kioo. Mlio haukuwa mkubwa, kama nazi ikipasuliwa kwenye ngazi. Sijui kwa nini niliweka mkono wangu. Nadhani nilitaka kukizuia kioo.

Nimeshonwa nyuzi kumi na tisa, kutoka kiganjani hadi juu ya kifundo. Daktari anasema vidole viwili huenda visikunjike tena. Mtihani wa Desemba nitaandika kwa kushoto kama watakubali. Samaki wote walikufa sakafuni, watu wakiwakanyaga. Mama tangu siku hiyo ananisuka nywele tu, asubuhi na jioni, hata kama hazijafumuka.

Barua yako aliifungua Baba, kwa sababu mimi nilikuwa na bendeji. Aliisoma akiwa amesimama. Kwa hiyo anajua kuhusu miguu yako. Kisha akasema, "Nyumba hii kila mtu alikuwa na barua mfukoni." Halafu akaniuliza, "Wewe ulijua habari ya mawe tangu lini?"

Barua yako ya kwanza nilimsomea mimi, na alikuwa akiijua kama mimi. Ningeweza kumjibu hivyo. Nikasema, "Tangu siku ya kwanza, Baba. Nilikuja kukwambia, nikasema chai iko tayari."

Mama alikuwa ameshaweka chakula mezani, wali na mchuzi wa fenesi. Mimi sikuwa nimegusa, kwa kushoto sili. Baba alivuta kiti chake karibu. Akanawa mkono, akakanda tonge dogo, akanilisha. Kisha jingine. Alinilisha hivyo mpaka sahani ikaisha, punje zinadondoka kwenye bendeji yangu na yeye anaziokota moja moja.

Hiyo ilikuwa jana mchana. Usiku amenilisha tena, na leo asubuhi.

Mpwa wako,
Vindya